Nangila na Uzito wa Gunia Moja

Kuku aliyetiwa mkononi mwa Nangila hakupata muda wa kuagana na dunia. Nangila alimkanyaga mabawa, akavuta shingo, kisu kikapita, na kabla miguu haijaacha kurusha mateke kuku mwenyewe alikuwa ndani ya sufuria la maji yanayochemka. Wenye hoteli pale Kitale walimpenda kwa wepesi huo. Wateja wa kawaida walimwogopa kidogo, kwa sababu alizungumza nao kisu kikiwa mkononi na hakuwa na tabia ya kukiweka chini.

Alikuwa mwanamke mkubwa. Nisiseme mnene, maana neno hilo lilitamkwa mbele yake na muuza vitunguu mmoja, na muuza vitunguu huyo akaishia kukaa juu ya vitunguu vyake mdomo umepasuka. Sokoni walimwita Mama Ian, kwa jina la mwanawe aliyekuwa mwashi kule Nakuru. Akipita kati ya vibanda, watu walivuta ndoo zao ndani. Naye alitembea katikati ya njia kama trekta la miwa, akijua kabisa kwamba atakayepisha si yeye.

Basi asubuhi moja mkono wa kushoto ukamkataa. Alikuwa ameshika shingo ya jogoo, vidole vikalegea vyenyewe, jogoo akachomoka, na kisu kikaja kwa nguvu zake zote kikapata kidole gumba. Nangila akaona mfupa wake mweupe. Damu hakuiogopa, damu ndiyo ilikuwa kazi yake. Kilichomwogopesha ni kwamba hakusikia uchungu. Kuanzia begani kushuka, upande ule ulikuwa kimya. Roselyne, jirani yake muuza mboga, alimfunga kidole kwa kitambaa na kumkokota hadi kliniki, huku njia nzima akitukanwa kwa kumkokota.

Muuguzi wa pale alikuwa Sista Jerono, mwanamke mwembamba mwenye miwani na maneno machache. Alimshona kidole, akampima presha, akampima sukari, kisha akampima presha mara ya pili kana kwamba mashine imemdanganya.

"Panda mizani," akasema.

Nangila akapanda. Mshale ukakimbia hadi mwisho wa namba ukabaki pale ukitetemeka.

"Hii ni ya watoto," Nangila akasema. "Mimi nitapimwa kwa Vijay."

Vijay alikuwa na stoo ya nafaka nyuma ya soko, aliyoachiwa na baba yake, na humo mlikuwa na mizani ya chuma ya kupimia magunia ya mahindi. Alipomwona Nangila anapanda pale na bendeji yake, alicheka. "Mama Kuku, leo unaleta nini bana?" Akasogeza vyuma vya mizani, akainama kusoma, na kicheko kikamwisha. Kilo mia moja thelathini na moja. Kwa mazoea ya kazi yake akasema, "Gunia moja, na karibu nusu ingine."

Gunia la mahindi ni kilo tisini, kila mtu wa Kitale analijua hilo kuliko anavyojua umri wake. Mwanamke mwingine angeinamisha uso. Nangila alisikia raha, nami sitaki kumlaumu mpaka mjue raha hiyo ilitoka wapi.

Mume wake, Wabwile, alikuwa mbeba magunia. Katika ujana wao kule kwao Kabuchai, na baadaye hapa Kitale kwenye stoo hiyohiyo wakati wa baba yake Vijay, alibeba gunia zima peke yake kutoka kwenye lori, akalitupa ndani, akarudi kuchukua jingine. Watu walimsifu. Kisha alikuja nyumbani na nguvu zilizobaki. Nangila wakati huo alikuwa mwembamba, na Wabwile hakuwa mtu wa makofi. Yeye alibeba na kutupa. Alimtupa ukutani. Alimtupa nje ya mlango mbele ya majirani, Ian amejificha chini ya kitanda. Mara moja alimbeba hadi kwenye mtaro kando ya miwa akamtupa humo, na Nangila akavunjika mtulinga, ule mfupa unaopita juu ya kifua kwenda begani. Ulilia tiki, sauti ndogo tu, kama kuni kavu.

Alifunga mkono kwa leso akaenda kwao Sirisia. Kaka yake Wakoli, aliyekuwa mkubwa wa boma baada ya baba yao kufa, alimpa chai. Kesho yake alimrudisha kwa Wabwile yeye mwenyewe. "Ng'ombe tulishakula, Nangila," alimwambia njiani. "Sasa unataka tutapike?" Senge yao, yaani shangazi yao Nanyama, aliongezea methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sijui ni nani aliyetunga methali hiyo, lakini naapa hakuwahi kulala mtaroni na mfupa umevunjika.

Nangila alirudi, akanyamaza, akaanza kumtazama mumewe kwa makini. Msimu wa mavuno akaona jambo. Wanunuzi wa mahindi walikuwa wanashindilia magunia kupita kiasi, yakawa yamevimba, na siku moja Wabwile alipojaribu kuinua moja la namna hiyo magoti yalimkunjika. Alilijaribu tena akalia kwa hasira. Nangila akaelewa. Nguvu za mtu huyu zilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa gunia moja. Alichoweza kukibeba aliweza kukitupa. Zaidi ya hapo hakuweza.

Basi akala. Alikula kama mtu anayejenga ukuta. Alikula ugali wa jana na wa leo, ngozi ya kuku, mafuta yanayoelea juu ya supu, mandazi asubuhi na viazi mchana, akala bila njaa na bila hamu, akipitisha miaka. Mpaka siku ile Wabwile alipokuja amelewa, akamkumbatia kiunoni ili amtupe kama zamani, mgongo ukamteguka, akaanguka chali. Nangila akamkalia kifuani. Alikaa pale mpaka midomo ya Wabwile ikaanza kugeuka rangi, na angeendelea kukaa kama Ian asingemvuta gauni akilia. Tangu siku hiyo hakuguswa tena.

Kwa hiyo Sista Jerono aliposikia namba ya mizani ya Vijay na kusema, "Mama Ian, lazima upunguze," alikuwa anamwambia abomoe ukuta.

"Sipunguzi."

"Utapooza. Huo mkono ni onyo."

"Nikipooza nitachinja na ule mwingine."

Jerono akavua miwani. "Mtu akipooza hachinji. Analala. Analishwa na kijiko, anageuzwa kitandani, anabebwa kupelekwa choo. Kwako ni nani atakubeba?"

Nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu. Nangila akaiona mikono ile ya Wabwile ikiingia chini ya makwapa yake, naye hana nguvu ya kuizuia wala ulimi wa kupiga kelele.

"Nipunguze ngapi?" akauliza.

"Mwishowe tufike kama themanini hivi. Lakini hiyo usiifikirie saa hii. Tunaanza na kilo mbili kwa mwezi."

"Mbili? Sista, kilo mbili ni gorogoro moja ya mahindi! Si hata mtu hawezi ona!"

"Gorogoro moja kwa mwezi," Jerono akasema, kana kwamba kipimo hicho kimempendeza. "Na ugali usizidi ngumi yako."

Nangila akakunja ngumi akaitazama. Ilikuwa ngumi ya kutosha. Hapo roho ikamtulia kidogo. "Lakini sista, nikifika gunia moja nasimama. Tisini. Chini ya hapo siendi, hata mkinifunga kamba."

"Kwa nini tisini?"

"Hiyo ni yangu."

Mngedhani sasa atafuata gorogoro yake moja kwa mwezi. Thubutu! Nangila hakuwahi kufanya jambo polepole tangu azaliwe, na mwili wake aliuchukulia kama kuku: kanyaga, vuta, kata. Aliamua kuzimaliza kilo zote arobaini kabla mvua haijakatika. Akaacha kula. Alikunywa maji ya moto na ndimu, na jioni akatafuna kabichi bila chumvi akiwa na uso wa kuua. Njaa ikampanda kichwani. Alimrushia mwenye hoteli kuku aliyekufa. Alimpiga Roselyne kofi kwa sababu Roselyne alikuwa anakula ndizi. Halafu asubuhi ya wiki ya pili, akiwa ameinama juu ya moto, dunia ikawa nyeusi, akaangukia sufuria la maji ya kunyonyolea. Ngozi ya paja ilitoka kama manyoya yanavyotoka, na kelele zake zilisikika mpaka stendi.

Alilala wiki nyingi, na akiwa amelala alikula, na kilo zote alizozifukuza zikarudi na marafiki zao.

"Umeuchinja mwili," Jerono alimwambia akibadilisha bendeji. "Mwili hauchinjwi. Unapatana nao."

"Wewe nipake dawa."

"Napaka. Gorogoro moja kwa mwezi, Mama Ian. Haba na haba hujaza kibaba."

"Na mimi namwaga kibaba."

"Pia kukimwaga ni haba na haba."

Safari hii alisikia, kwa kuwa paja lilimsaidia kusikia. Alimwomba Roselyne msamaha kwa kumletea kuku mzima, amenyonyolewa, ambaye Roselyne alimpokea akamtia kapuni. Alianza kutembea kwenda sokoni kwa miguu. Ugali ukawa ngumi moja, sukuma wiki ikajaa nusu ya sahani, ngozi ya kuku akawapa paka. Kila mwisho wa mwezi alipanda mizani ya Vijay, na mizani ikikubali, alikwenda nyumbani akapima gorogoro moja ya mahindi na kuimimina ndani ya gunia tupu aliloliweka pembeni mwa chumba. Alitaka aone kwa macho kitu kilichotoka mwilini mwake. Mwezi wa kwanza mahindi hayakufunika hata mshono wa chini. Miezi ikapita, gunia likaanza kukaa wima lenyewe. Kila asubuhi akifagia alilisogeza, kwanza kwa mguu, baadaye kwa mkono, na mwishowe ikabidi alikumbatie.

Mwenye kulitazama zaidi gunia hilo alikuwa Wabwile. Siku hizi alishinda kwenye kigoda mlangoni, mgongo umemharibikia, chang'aa imemla mashavu. Koti lake la zamani lilikuwa bado lile lile, refu na pana, na hakulivua hata jua likiwaka. Alizungumza kidogo. Lakini macho yake yalikuwa bado macho ya mbeba mizigo, na Nangila alijua yanafanya nini yanapompitia kuanzia miguuni hadi mabegani.

"Unaisha," Wabwile alimwambia jioni moja.

"Sijaisha."

"Kidogo kidogo tu nitakubeba tena, kama ile ya Kabuchai." Akacheka, meno machache, akamwekea mkono begani.

Labda ulikuwa mzaha wa mlevi. Nangila alishika sufuria lenye maji ya moto akaliweka kati yao, na akalishikilia mpaka Wabwile akarudi kwenye kigoda. Kisha aliogopa, aliogopa vibaya sana, mwanamke yule aliyeogopwa na soko zima. Alisonga ugali mkubwa akaula wote amesimama. Akala ngozi. Akala kesho yake pia na kesho kutwa. Panga la nyumba akalihamishia upande wake wa kitanda. Mwisho wa mwezi huo mizani ya Vijay ilikataa, na Nangila akachota gorogoro mbili kutoka kwenye gunia la pembeni akazirudisha kwenye debe la mahindi ya kula, akijitukana mwenyewe.

"Mbona tumerudi nyuma?" Jerono akauliza.

"Nilikula."

"Kuna kitu kimekutisha?"

"Sista, wewe pima presha."

Jerono alipima. Alisema tu kwamba mtu akirudi nyuma hatua moja hajarudi mwanzo, lengo ni lilelile, gorogoro moja. Nangila alianza upya.

Ilipita karibu miaka miwili tangu kidole kikatwe. Alikuwa amekaribia tisini na saba, gunia moja na kidogo juu yake, mkono wa kushoto umeamka, presha imelegeza kamba. Ndipo mama yake mzazi akafa, na Nangila akaenda Sirisia kumzika. Wabwile alibaki Kitale. Mgongo, alisema.

Kwetu huku mwili wa binti aliyeolewa ni wa kusomwa na ukoo mzima. Akirudi amejaa, mume anapewa kiti na mguu wa kuku. Akirudi amekonda, watu wanaguna. Wale waliokuwa wamekuja kumlilia mama walimwona Nangila anashuka kwenye pikipiki, gauni linamning'inia, shingo imeonekana, na kilio kikabadilisha mwelekeo. Senge Nanyama, mzee sasa, alimshika mkono akaufinya juu na chini. "Mtoto wetu ameisha! Kwani amepewa nini huko? Mama anaenda na mtoto anamfuata!" Wanawake wa kanisa waliuliza kwa sauti za chini kama ni ule ugonjwa. Nangila aliwaambia ni kliniki, ni yeye mwenyewe ameamua. Hakuna aliyesikia. Nani aache chakula kwa hiari yake, na ana meno?

Wakoli alisikiliza minong'ono hiyo siku mbili, akiwa na pombe ya busaa tumboni na aibu kichwani. Siku ya tatu, Nangila ameondoka alfajiri kurudi kazini, naye akachukua binamu wawili na marungu matatu akamfuata.

Jua lilikuwa limepanda na Nangila ana kuku wa saba miguuni pake Roselyne alipokuja mbio. "Mama Ian! Kimbia kwako! Kuna watu wanaua mtu!"

Akakimbia. Kisu kikiwa mkononi, aproni imejaa damu, alikimbia kutoka sokoni hadi kwenye ploti yao, na alipofika langoni ndipo alipogundua kwamba ameweza kukimbia.

Wabwile alikuwa chini karibu na tangi la maji, amejikunja, mikono juu ya kichwa. Sikio moja lilikuwa limepasuka. Wakoli na binamu walikuwa wamemzunguka wakipiga kwa zamu, kwa utaratibu, wakihema, kama watu wanaopura maharagwe. Rungu likashuka kwenye mbavu na Wabwile akatoa sauti ambayo Nangila aliijua, kwa sababu aliwahi kuitoa yeye.

Tusifichane: alifurahi. Alisimama langoni na kisu chake na furaha ikampanda kutoka tumboni mpaka machoni. Aliacha rungu lishuke. Aliacha lishuke tena. Miaka yote ile alikuwa amelingoja rungu hilo.

Wakoli akamwona. Akajifuta jasho, akasimama kama mtu anayengoja kushukuriwa. "Sasa umeona, Nangila? Hii mutu atajua wewe uko na wenyewe."

"Niko na wenyewe?"

"Tulimpatia msichana amenona, yeye anaturudishia mifupa! Ati mama yetu anazikwa na watu wanatucheka! Anakunyima chakula, si ndio? Sema tu. Ona hiyo mukono yako, bana. Ona shingo."

"Nimepunguza mwenyewe, Wakoli. Niliwaambia. Hajaninyima kitu."

"Usimfiche."

"Simfichi." Alikuwa anasogea sasa, taratibu. "Na ile siku nilikuja kwako bega imevunjika? Nimeifunga na leso? Ukanipatia chai?"

Wakoli akapepesa macho. Ilionekana wazi kwamba ilimbidi atafute siku hiyo kichwani. "Aa, hiyo? Hiyo ilikuwa mambo ya nyumba, dada yangu. Hatungeingilia."

Hapo furaha yote ikageuka. Nangila aliweka kisu chini, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu anayezungumza naye, akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliowahi kufa, akalishika rungu la kaka yake na kulichomoa mkononi mwake. Wakoli alidhani anataka kumpiga mumewe, akasogea kidogo ampishe. Nangila akalizungusha likamshukia Wakoli kati ya shingo na bega. Tiki. Sauti ndogo, ya kuni kavu.

Wakoli akapiga magoti, mdomo wazi, mkono umening'inia.

"Hiyo pia ni mambo ya nyumba," Nangila akasema. "Msiingilie."

Binamu wawili walimtazama aproni, wakamtazama usoni, wakaona ni heri barabara. Walimwinua Wakoli, akilia kama mtoto na kuwaita marehemu wote wa ukoo, wakampakia kwenye bodaboda. Majirani walichungulia kwenye madirisha. Hakuna aliyetoka.

Wabwile alikuwa bado chini. Alijaribu kuinuka, akatema damu, akashindwa. Roselyne alikuwa amekwenda kutafuta mkokoteni, na mkokoteni ulisimama nje ya lango, ng'ambo ya mtaro wa barabara. Nangila alitupa rungu. Akainama, akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mumewe na mwingine nyuma ya mgongo, kama alivyokuwa analikumbatia gunia lile la pembeni kila asubuhi, akakaza, akainuka.

Aliinuka upesi mno mpaka nusura apepesuke. Alikuwa amejiandaa kwa mzigo na mzigo haukuwepo. Ndani ya lile koti pana mlikuwa na mbavu na pumzi. Mikono ya Nangila ilijua kupima. Ilimpima ikasema: si gunia, wala karibu na gunia. Kama yale mahindi ya pembeni, na gorogoro chache juu.

Alifika kwenye mtaro akasimama. Wabwile akatazama chini, akaona maji machafu na mawe, akamshika aproni kwa vidole vyote.

"Usinitupe," akasema. "Mama Ian, tafadhali. Usinitupe."

Kumbe alikumbuka. Miaka yote ile ya kukaa kigodani akinyamaza, alikumbuka vizuri, mpaka mtaro. Nangila alisimama pale kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa anajiuliza huyu mtu alipungua lini. Ni mwaka gani ambao hakuweza tena kuinua hata debe, naye Nangila bado anakula usiku amesimama ili asiinuliwe? Amebeba kilo arobaini na zaidi kila siku ya Mungu, zimemla mishipa, zimemfisha mkono, kumlinda na mtu anayebebeka hivi. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Akavuka mtaro. Akamlaza kwenye mkokoteni, polepole, kichwa kwanza, akamsukuma hospitalini yeye mwenyewe.

Mbavu tatu, wakasema, na mkono. Alimlisha uji kwa kijiko wiki zilizofuata, akamgeuza kitandani, akambeba kwenda chooni. Hakumtukana. Siku moja, kijiko kikiwa njiani, Wabwile akauliza, "Kwa nini hukuwaacha wanimalize?"

"Kwa sababu hawakuja kwa ajili yangu," Nangila akajibu. "Fungua mdomo. Mbavu zikipona, utaenda kwenu Kabuchai. Hapa hukai tena."

Wabwile akafungua mdomo, akameza, akatikisa kichwa kukubali. Na mbavu zilipopona, akaenda.

Kutoka Sirisia zilifika habari kwamba Wakoli anadai faini ya dume la ng'ombe. Nangila aliwarudishia jibu kwamba aje alichukue mwenyewe. Mpaka leo hajaja.

Mwezi ulipofika mwisho alikwenda kliniki. Siku hizi mizani ya watu ilikuwa inamtosha. Mshale ulipanda, ukafikiri, ukatulia.

"Tisini na tatu," Jerono akasema. "Umebakisha kidogo tu kufika kwa lile gunia lako. Tukifika pale tunasimama, si ndivyo tulikubaliana?"

"Hapana. Tuendelee kushuka."

"Mpaka wapi?"

"Pale ulisema mwanzo. Themanini. Na gorogoro ni ileile moja, usiniharakishe."

Jerono akavua miwani, kama alivyofanya siku ile ya kwanza. "Mama Ian, sasa niambie. Tisini ilikuwa ya nini?"

Nangila alikuwa anafunga viatu. Alijibu akiwa ameinama, kitu ambacho mwaka juzi asingeweza.

"Kuna mtu alikuwa anaweza kuibeba."

"Na sasa?"

"Sasa nimembeba mimi."

Akainuka, akachukua kisu chake kilichofungwa kwenye aproni, akarudi sokoni kwa miguu. Mwenye hoteli alikuwa anangoja kuku wanane.